Nilivyomtambulisha Bwana Emil

Guangzhou, Septemba 1998

Mwanangu Salma,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu gani. Mji huu wa Guangzhou, kwa upande wetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki, nimeufungua mimi. Nilipofika mtaa huu wa Xiaobei hapakuwa na Mtanzania hata wa dawa. Palikuwa na Wachina, baiskeli, na mimi. Wenye maduka ya jumla wakitaka kujua kanzu inakatwa shingo vipi au kanga ya Tanga inavaliwaje, walikuwa wanatuma gari kunifuata. Wapo watakaokwambia walifika kabla yangu. Waache waseme.

Hayo nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata hayanipambi, na mtu akianguka ni vizuri ijulikane alianguka kutoka ghorofa ya ngapi.

Umetoka na jirani yetu Bi Rehema kwenda Zhanqian Road kutafuta koti la baridi. Nina saa mbili, labda tatu, maana Bi Rehema hanunui nguo bila kuigeuza ndani nje na kuwaudhi wauzaji wote wa ghorofa ile. Habari za pasipoti, za chakula na za swala sikuandikii. Mama yako amekwisha kukuandikia kurasa nne, na mwandiko wake unausoma vizuri kuliko wangu. Mimi nataka kukuandikia habari za Bwana Emil.

Kesho unapanda ndege kwenda kusoma Hamburg, mji anaokaa mzee huyo. Mama yako aliikataa safari hii mara mbili. Mara ya tatu nilimpigia simu nikamwambia, "Shemeji, ondoa shaka. Hamburg yupo Bwana Emil, muuza vifungo, mimi naye ni kama mtu na ndugu yake. Atampokea Salma uwanja wa ndege, atamweka nyumbani kwake kama mtoto wake wa kumzaa." Mama yako akasema, "Kama yupo mtu mzima wa kumtazama, basi aende." Umeruhusiwa kwa jina la mzee yule, mwanangu. Kwa hiyo lazima ujue ni nani, na mimi naye tuliachanaje.

Wiki tatu zilizopita ulinijia na kitabu chako cha Kijerumani, kidole kimekaa katikati ya ukurasa.

"Baba mdogo, mbona hawa hawasemi tu Wayahudi? Hapa wameandika raia wenzetu wa Kiyahudi. Huku, watu wa imani ya Musa. Na hapa tena, wenye asili ya Kiyahudi. Ni watu wale wale?"

Nilikujibu robo saa nzima. Nilisema Wajerumani ni watu wa heshima na lugha yao ni tajiri, ina vazi la kila shughuli. Nikaweka na mkono kifuani. Ulinitazama ukasema, "Haya." Ile haya naijua. Ni ya mama yako. Maana yake, umemaliza kusema lakini hujajibu.

Sasa nakujibu.

Unajua nilikwenda Ujerumani ya Mashariki nikiwa kijana, ukuta wao bado umesimama, kujifunza ufundi wa vyerehani vya kiwandani. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma kwa kuchungulia dirishani, kwa hiyo Kijerumani sikukipata kwenye kitabu. Nilikipata kwa masikio, kelele za mashine zikiwa juu yake. Ile habari kwamba nilitengeneza mashine kwa kijiko cha chai baada ya mainjinia watatu kushindwa ni ya kweli, isipokuwa idadi ya mainjinia.

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Hilde, mnene, mkali, mwenye huruma ya kuficha. Nyuma ya kiwanda palikuwa na jumba la matofali lenye madirisha marefu ya vioo vya rangi, humo wakiweka marobota ya sufu. Ukutani palikuwa na kibao cha jiwe: kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti. Nikamuuliza Hilde.

"Walikuwa nani hawa?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa hapa. Kaza ile skrubu."

Siku nyingine nikamwuliza jumba lile lilikuwa la nini kabla ya sufu. Akasema lilikuwa nyumba ya sala ya Juden, Wayahudi, na hapo ndipo niliposikia neno lenyewe kwa mara ya kwanza. Hilde hakulikataa, ila sauti yake ilishuka, kama mtu anayepita kwenye chumba alicholala mgonjwa. Nikafikiri ni tusi. Neno fupi, silabi mbili, na mwanamke ambaye aliweza kumfokea mkurugenzi mbele za watu analisema kwa kunong'ona! Kumbe halikuwa tusi. Lilikuwa jina la watu, lakini waliolitamka kwa kelele zamani walifanya nalo mambo hata waliobaki hawakujua walishike wapi.

Lakini sikiliza hili. Hilde huyo huyo, kazi ikizidi, alikuwa anasema Maloche, yaani kazi ya punda. Mshahara ukiisha wenzangu walikuwa wanasema pleite, tumefilisika. Uzi ukikwama kila mahali, Schlamassel, balaa juu ya balaa. Maneno hayo niliyajua kabla sijajua kuagiza chai. Nikadhani ndiyo Kijerumani chenyewe, kile cha ndani. Hakuna aliyeniambia yametoka kwa nani.

Aliyeniambia ni Bwana Emil, miaka mingi baadaye, hapa hapa Guangzhou.

Ilikuwa soko la vitambaa la Zhongda, kwenye vibanda vya vifungo. Nimepita zangu, nikasikia sanduku linamwagika na mtu anapiga kelele, "So ein Schlamassel!" Nikasimama. Mzee wa Kizungu, shati jeupe la mikono mifupi, miwani imeshuka puani, vifungo maelfu vimesambaa mpaka chini ya majora ya vitambaa. Nikamjibu kwa Kijerumani cha Hilde kwamba si kitu, tutaokota. Alinitazama kama aliyeona jiwe linasema. Tukachuchumaa tukaokota mpaka adhuhuri, yeye akicheka kila nikifungua mdomo.

"Kijerumani hiki umekitoa wapi? Unaongea kama mwanamke wa kiwandani."

"Ndiko nilikokitoa, mzee. Kwa mwanamke wa kiwandani."

Tangu siku hiyo kila akija mara mbili kwa mwaka tulikuwa tunakaa kwa Bi Liang, laoban wa kibanda kile. Nawe umeshazoea, hapa kila mwenye duka ni laoban, bosi, hata awe na meza moja. Bi Liang anatumiminia chai kwenye vikombe vidogo, Bwana Emil anachagua vifungo. Kila kimoja alikigusisha shavuni. Kikiwa baridi ni cha kombe la baharini, kikiwa vuguvugu ni plastiki. Hakukosea hata siku moja, na mimi nilijaribu nikakosea mara nyingi, ingawa mbele za watu nimekuwa nikisema nilijifunza siku ile ile.

Siku moja akaniambia yale maneno ya Hilde ni ya watu wa baba yake. Maloche, pleite, Schlamassel, yote yametoka kwenye lugha ya Wayahudi wa huko, yakaingia sokoni, jela na vilabuni, yakabaki. "Watazame walichochukua, Shaabani," akasema. "Neno la kufilisika wanalo. La kazi ngumu wanalo. Hata la ukoo, Mischpoke. Kwetu ni baba, mama, shangazi na watoto. Kwao ni ukoo usiotaka uje harusini. Maneno yetu ya sala na ya arusi hayakuwafaa."

Alisema bila hasira, huku anagusisha kifungo shavuni.

Nikamwuliza lile ulilokuja kuniuliza wewe, la raia wenzetu. Akacheka.

"Muuza mikate wangu hakuna anayemwita raia mwenzetu. Anaitwa muuza mikate. Mtu akiwa raia, ni raia. Wakianza kuongeza mwenzetu, ujue wanakukaribisha nyumbani kwako."

Hapo nikafikiria kwetu, mwanangu, na wewe fikiria. Mheshimiwa akisimama jukwaani akasema ndugu zetu Wahindi, au ndugu zetu wa kule Visiwani, watu wanapiga makofi. Lakini umewahi kusikia mtu anamwita hivyo ndugu aliyelala naye kitanda kimoja? Na jina letu wenyewe je? Ukitaka kumtukana mtu Dar es Salaam unamwambia acha Uswahili wako. Jina la jamii nzima ya watu, wenye mashairi na misikiti, limefanywa kuwa jina la umbeya na ujanja ujanja. Nimelisikia maisha yangu yote na nimelisema mimi mwenyewe, tena nikicheka. Kwa hiyo usiende kule ukidhani Wajerumani pekee ndio wenye lugha ya namna hiyo.

Nikamwuliza pia, kwa desturi yetu ya kuuliza, wewe mwenyewe ni nani hasa. Akaniambia baba yake alikuwa Myahudi, alichukuliwa hakurudi. Mama yake Mkristo. Karatasi za serikali ya wakati ule zilimwandika nusu, kwa neno wanalolitumia pia kwa mbwa wa mchanganyiko. Vita ikaisha, akaenda kwa watu wa baba yake, nao wakamwuliza mama yako nani? Kwa sheria yao mtoto humfuata mama. Kwa hiyo si wao.

"Kwa wale nilizidi," akasema, "kwa hawa nikapungua."

"Sasa unajiitaje?"

"Nauza vifungo."

Nikaona ananitania. Angekuwa wa kwetu ningesema anaficha. Kwetu mtu hajatambulishwa mpaka ijulikane mtoto wa nani, wa wapi, kabila gani. Hapo ndipo anapokaribishwa akae. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofanya usiku wa chakula kile.

Mama Neema wa Moshi, yule anayekuja kununua nguo za watoto, alikuwa anataka vyerehani vya mitumba kutoka Ujerumani. Wanunuzi wawili wa Kijerumani waliokuwa na njia ya kuvipata walikuwa mjini, kijana mmoja anaitwa Jens na mwenzake. Bwana Emil aliwajua, wamefanya kazi naye miaka tisa. Akakubali kuja kukaa nasi, awe shahidi wa pande zote mbili. Mkalimani ni mimi. Tuko kwenye hoteli ya chakula hapa Xiaobei, meza ya kuzunguka, bata amekwisha kuletwa. Mama Neema akaniinamia.

"Huyu mzee wa shati jeupe ni mtu wa wapi?"

"Mjerumani."

"Mjerumani gani huyu, mbona amenyamaza? Wenzake wanaongea kama redio."

"Ana Uyahudi kwa baba yake."

"Ahaa! Basi mwambie namsalimu."

Hapo ningemsalimia kwa niaba yake, yakaisha. Lakini meza ilikuwa inanitazama, Salma, na mimi meza ikinitazama huwa nasimama. Nikasimama na kikombe cha chai mkononi nikasema kwa Kijerumani, kwa sauti ya kiwandani, "Mama anauliza huyu ni nani. Nimemwambia, huyu ni Myahudi wetu! Akikaa yeye mezani, hakuna atakayetupunja bei."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jens alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mwenzake akaanza kumsifia bata, ngozi yake, mchuzi wake, mahali alipolelewa. Kisha Jens akamgeukia Bwana Emil, na sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyevaa tai. Akasema, "Bwana Emil, ningependa ujue kwamba sisi tunawaheshimu sana raia wenzetu wa Kiyahudi."

Bwana Emil akaweka vijiti chini. "Jens," akasema, "jana uliniita mzee mkaidi mwenye kichwa cha mbuzi. Lile lilikuwa zuri zaidi."

"Amesemaje?" akauliza Mama Neema.

"Anasema bata ni mzuri."

Miaka tisa Jens na mwenzake walikuwa hawajui. Hakuwaficha, hakuna aliyemuuliza, naye aliona raha kuwa mtu wa vifungo. Mimi nilimbadilisha kwa sentensi mbili. Nilimfuata nje akiwa anangoja teksi.

"Mzee, mbona umekasirika? Nilikusifia!"

"Ndiyo," akasema. "Na Jens amenisifia." Teksi ikasimama. Akashika mlango, akaongeza, "Umesema jambo moja la kweli na moja la uongo, Shaabani, na yote mawili hayakuwa yako kuyasema." Akaingia.

Nilikasirika miezi kadhaa. Nilimwona mzee wa kudeka. Nikawaambia watu Xiaobei kwamba wazungu hawatanii. Kisha mwaka jana nikakutana na Jens kwenye ngazi za hoteli, akanisimamisha, anajivuna. Siku hizi, akasema, yuko mwangalifu sana na Bwana Emil. Amemtumia kitabu chenye picha za Yerusalemu. Kukitokea vita huko Mashariki ya Kati humpigia simu kumuuliza anaonaje. Humpelekea salamu za sikukuu ambazo mzee hazisherehekei. Na habishani naye bei tena, anaikubali ile ya kwanza.

Mimi ni mfanyabiashara. Najua mtu akiacha kubishana nawe bei amekutoa sokoni, amekuweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokifanya, na nilikielewa nikiwa nimesimama kwenye ngazi, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Jens, natingisha kichwa kama nakubali.

Na ningepaswa kujua mapema. Kule Ujerumani ya Mashariki kila sherehe ya kiwanda nilipandishwa jukwaani, nikapewa maua, nikatajwa: rafiki yetu kutoka Afrika. Mwaka mmoja na miezi minane. Nilipenda, nisikudanganye. Picha zile ndizo unazoziona ukutani kwa mama yako. Lakini katika wale waliopiga makofi, aliyelijua jina langu alikuwa Hilde, naye alilijua kwa sababu ya kunifokea.

Wewe pia watakusifia kule. Watakuwa na neno zuri la kukupa, limepigwa pasi, na watakutazama kama limekutosha. Sijui ufanye nini wakikupa. Mimi nililivaa. Bwana Emil alilivua. Utaona mwenyewe ukifika.

Sasa lile linalokuhusu zaidi. Nilimwambia mama yako mzee atakupokea. Nimekupa na karatasi yenye anwani yake. Salma, sikumwandikia. Sijamwandikia neno lolote tangu usiku ule wa bata. Hajui kama wewe upo duniani. Uwanja wa ndege hatakuwepo mtu, kwa hiyo usisimame kutafuta kibao chenye jina lako. Fuata watu, toka nje. Kitanda unacho, kwenye bweni la wanafunzi. Ni ile fomu niliyokupa utie sahihi mwezi wa saba nikikwambia ni ya chanjo. Jibu lao liko kwenye bahasha ya kahawia chini ya vyeti vyako. Mama yako nitampigia mimi mwenyewe, ukishafika, na atakayoniambia nitayastahili. Ukiona kwamba kwa hali hii hutaki kusafiri, niambie ukirudi na koti. Sitakulazimisha, na aibu ya kwa mama yako ni yangu. Lakini nadhani utakwenda.

Ukipenda kumtafuta Bwana Emil, nenda kwa jina lako. Usitaje kwamba nakusalimu kama ndugu. Mwambie unajifunza lugha yake na una maswali, uliyoniuliza mimi nikashindwa. Akikuuliza wewe ni mtu wa wapi, hilo ni lake kuuliza na ni lako kujibu.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini nasikia unapanda ngazi na Bi Rehema anahema nyuma yako, na limebaki moja ambalo mdomo wangu hautalisema.

Nilikwambia tangu tuachane sijamwona tena. Nimemwona. Mwezi wa sita, Zhongda. Nilikuwa ndani kwa Bi Liang nachagua zipu, nikaliona lile shati jeupe linakuja kwenye ujia. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, niliyeufungua mji huu, nikaruka nyuma ya majora ya pazia nikachuchumaa, nimebana pua kwa vidole nisipige chafya, nikamfanyia Bi Liang ishara ya mkono kwamba sipo. Akaingia. Kichina chake ni kibovu kuliko changu, kwa hiyo alisema polepole na nililisikia kila neno. Hakuuliza niko wapi. Aliuliza kama mimi ni mzima. Bi Liang akamwambia mzima. Akamshukuru, akasimama kidogo pale mlangoni, akaenda zake, nami niliendelea kuchuchumaa mpaka Bi Liang aliponigonga begani kwa fimbo ya kupimia kitambaa.

Baba yako mdogo,
Shaabani